Lady Macbeth alikuwa anaumwa nini hasa?

Kazi yangu ni mbu. Msimu uliopita nilikaa usiku mwingi kwenye kiti cha plastiki, barazani kwa watu, katika vijiji vya bonde la Kilombero, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, nikikagua mitego kila saa. Ukimaliza kukagua unabaki na kama dakika arobaini za kukaa tu na kusikiliza vyura. Wenzangu huangalia simu mpaka chaji inakata. Mimi safari hii nilibeba kitabu: Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968. Nakala yenyewe jalada lilishatoka zamani.

Onyesho la mwanamke anayetembea usingizini nililifikia mnamo saa nane usiku. Nikalisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililisoma kama kila mtu alivyofundishwa shuleni: mwanamke ameshiriki kuua, dhamiri inamsuta, anaosha mikono ambayo haitakati. Mara ya pili nililisoma kama mtu ambaye kazi yake ni kukesha, nikaona kitu kingine. Jukwaani mle kuna watu watatu, na sisi tumezoea kumtazama mmoja tu.

Kwa hiyo leo tufanye mambo mawili. Kwanza tumpime Lady Macbeth kama mgonjwa, kwa sayansi ya usingizi tuliyonayo sasa. Pili tumkosoe daktari wake. Hili la pili ndilo lililonifanya niandike, maana sentensi yake moja bado inazunguka kwenye zahanati zetu.

Kilichomo kwenye faili la mgonjwa

Kwa ambao hawajaisoma: Shakespeare aliiandika tamthilia hii karibu mwaka 1606. Macbeth, jemadari wa Uskoti, anamuua Mfalme Duncan aliyelala nyumbani kwake kama mgeni. Mkewe ndiye aliyemsukuma, na ndiye aliyerudisha majambia chumbani baada ya mumewe kuogopa. Baada ya hapo damu inaendelea kumwagika. Banquo anauawa, kisha mke na watoto wa Macduff. Tunapofika sehemu ya tano, Macbeth ametoka na jeshi na mkewe amebaki kwenye ngome.

Onyesho linaanza na mazungumzo ya watu wawili walio macho. Mmoja ni daktari, mwingine ni mwanamke anayemhudumia Lady Macbeth. Daktari analalamika kwamba amekesha usiku mara mbili na hajaona kitu. Mhudumu anamweleza alichokiona yeye: tangu bwana mkubwa atoke vitani, mama huyu huamka kitandani, hujifunika vazi, hufungua kabati lenye kufuli, hutoa karatasi, huikunja, huandika, husoma, huifunga kwa lakiri, kisha hurudi kulala. Yote hayo akiwa usingizini. Daktari anauliza: anapotembea, husema nini? Mhudumu anakataa kurudia maneno yale, kwa sababu hana shahidi wa kumuunga mkono.

Ndipo Lady Macbeth anaingia na mshumaa. Daktari anauliza mshumaa ameupata wapi, naye anajibiwa kwamba taa haikosi kando ya kitanda chake, ni amri yake mwenyewe. Macho yake yako wazi lakini haoni. Anasugua mikono, na mhudumu anasema amewahi kumwona akisugua hivyo kwa robo saa nzima. Anazungumza: damu ya mzee, mke wa bwana wa Fife, hofu ya mumewe, manukato ya Uarabuni yasiyotosha kuondoa harufu ya mkono mmoja mdogo. Kisha anasikia mlango ukigongwa, mlango ambao hakuna anayeugonga, na anarudi kitandani.

Hilo ndilo faili. Hakuna kipimo kingine.

Lakini huyu si mtu, ni maandishi

Kuna msomaji ameshanuna: unampimaje mtu ambaye hayupo? Pingamizi hili ni la haki, na ni la zamani. Mwaka 1933 mhakiki wa Uingereza L. C. Knights aliandika insha yenye kichwa cha kejeli kinachouliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Aliwacheka wanaowachukulia wahusika kama majirani zao. Lady Macbeth hana ubongo wala damu ya kupima. Ana mistari tu, na mistari iliandikwa ili watu waliolipa kiingilio wasichoke.

Nakubali. Lakini wasomaji wameshampima tayari, kwa miaka zaidi ya 400, na majibu wametoa: ni dhamiri. Hicho nacho ni kipimo cha ugonjwa, tofauti ni kwamba hakijavaa koti jeupe. Kama tunaruhusiwa kusema ni dhamiri, basi turuhusiwe pia kuuliza kama dalili zinakubaliana na jibu hilo.

Washukiwa wanne

Mshukiwa wa kwanza ni kutembea usingizini kwenyewe, kwa maana halisi ya kitabibu. Usingizi wetu hauko sawa usiku kucha. Sehemu ya mwanzo ina usingizi mzito zaidi, ule ambao ukiitwa husikii. Kuelekea alfajiri usingizi wa ndoto, ambao wanasayansi wanauita REM, ndio unaozidi. Usingizi huu wa pili uligunduliwa Chicago mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Zamani watu walidhani anayetembea anaigiza ndoto. Mwaka 1968 Roger Broughton alionyesha kwamba sivyo: kutembea kunatokea mtu anaposhtuka kutoka kwenye usingizi mzito na kuishia nusu njia. Miguu imeamka, mwenye miguu bado.

Maneno hayo ya nusu njia si mzaha. Mwaka 2000 watafiti wa Uswisi, Claudio Bassetti na wenzake, walichapisha picha ya ubongo wa kijana wa miaka 16 iliyopatikana wakati akitembea usingizini. Baadhi ya sehemu zilikuwa zinafanya kazi kama za mtu aliye macho. Sehemu za mbele, zile zinazotusaidia kupanga, kupima na kujizuia, zilikuwa bado zimelala. Nitarudi kwenye picha hii, kwa sababu inaisumbua hadithi ya dhamiri.

Linganisha na faili letu. Macho wazi, sawa. Hajibu watu walio mbele yake, sawa. Anafanya kazi alizozizoea kama kufungua kabati na kuandika, sawa kabisa. Robo saa nayo inakubalika, maana vipindi hivi vinaweza kuwa vya sekunde chache au kufika nusu saa. Kukosa usingizi na mawazo mazito vinajulikana kuchochea hali hii. Antonio Zadra na wenzake wa Montreal walionyesha mwaka 2008 kwamba ukimkesheza mtu mwenye tatizo hili, vipindi vinaongezeka anapokuja kulala. Na hakuna nyumba katika fasihi iliyokosa usingizi kama ile. Mume analalamika tangu usiku wa mauaji kwamba usingizi umekwisha, na mke mwenyewe baadaye anamwambia anachokosa ni kulala.

Kisichokubalika ni umri na maneno. Kutembea usingizini ni jambo la watoto zaidi. Tafiti zikijumlishwa, kwa mwaka mmoja linawapata watoto takriban 5 kati ya 100, na watu wazima 1 au 2 tu. Kuanza ukubwani bila historia ya utotoni ni jambo la kuuliza maswali. Halafu wanaotembea huwa wanaguna, wanatamka neno moja moja. Lady Macbeth anatoa hotuba.

Mshukiwa wa pili ni tatizo la kuigiza ndoto. Kwa kawaida tukiota mwili hulegea usiweze kutenda tunayoyaota. Kwa watu wengine breki hiyo haishiki: wanapiga ngumi, wanapiga mateke, wanaanguka kitandani. Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota walilieleza kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1986. Linaelezea vizuri yale maneno mengi, lakini halielezi kingine chochote. Wenye tatizo hili huwa wamefumba macho, hawaendi mbali na kitanda, wengi ni wanaume wenye umri wa zaidi ya miaka 50, na ukiwaamsha wanazinduka haraka na kukusimulia ndoto. Mtu anayeshuka na mshumaa bila kujigonga popote hayumo humo.

Mshukiwa wa tatu ni kifafa, hasa kile kinachoanzia sehemu ya mbele ya ubongo na kupenda kutokea usiku. Hapa mhudumu anatuambia jambo zito bila kujua: kusugua mikono ni kitendo anachokirudia kila mara. Kifafa kinapenda marudio. Kitendo kilekile, kwa mpangilio uleule. Lakini kifafa cha usiku huwa kifupi, mara nyingi chini ya dakika mbili, na huweza kurudi mara kadhaa usiku mmoja. Robo saa ya kusugua, karatasi ya kukunja, hotuba inayobadilika: haviingii.

Mshukiwa wa nne ni kiwewe. Mtu aliyepitia jambo la kutisha anaweza kuamka usiku na kuliishi tena, ubongo ukiwa macho lakini nafsi imerudi kulekule. Huyu ni mshukiwa mwenye nguvu. Anaelezea kwa nini maneno yote ni ya usiku wa damu, na kwa nini lazima taa iwake. Mtu mzima asiyeweza kulala gizani anatuambia kitu hata akiwa macho.

Hukumu yangu? Kutembea usingizini, kulikoanza ukubwani, kukichochewa na kiwewe na kukosa usingizi. Na ile hotuba ni ya jukwaa. Shakespeare alihitaji tusikie, kwa hiyo akampa mgonjwa wake ulimi ambao wagonjwa wa kweli hawana. Hata kunawa kule si ajabu sana. Mwaka 2011 watafiti wa Paris walichapisha jaribio ambalo waliwafundisha watu wanaotembea usingizini mfululizo wa kuchezesha mikono kabla ya kulala. Usiku, mmoja wao alirekodiwa akirudia sehemu ya mfululizo ule. Mwili unaweza kurudia mazoezi yake bila kuomba ruhusa. Lady Macbeth alinawa damu usiku ule, mikono inakumbuka.

Alipokosea daktari

Sasa tumgeukie mwenzetu. Haki yake tumpe: mwanzo alifanya kazi nzuri. Alikesha. Usiku wa kwanza patupu, wa pili patupu, wa tatu akarudi. Hata leo, kwenye maabara yenye nyaya kila mahali, mgonjwa anaweza kulala usiku mzima bila kutembea, na mtafiti akabaki na mashine zake. Akauliza maswali ya maana: mara ya mwisho ilikuwa lini, hufanya nini, husema nini. Akaandika anayoyasikia. Hakukimbilia dawa.

Akaharibu mwishoni. Anasema ugonjwa huu umepita uwezo wake, na kwamba mama huyu anamhitaji zaidi mtu wa dini kuliko tabibu. Wahakiki wengi wanaipenda sentensi hii. Wanaiona ni hekima, daktari mnyenyekevu anayejua mipaka ya sayansi. Mimi nikiwa pale barazani, na tochi yangu ya kichwani, niliisoma nikasisimka vibaya. Niliwahi kuisikia, kwa Kiswahili, kwenye zahanati.

Angalia kilichotokea. Kwa kuwa alisikia siri, aliacha kuona dalili. Usingizi uligeuka kuwa mahakama, na maneno ya mtu aliyelala yakawa ushahidi. Hapo ndipo naileta tena ile picha ya mwaka 2000. Kwa anayetembea usingizini, sehemu za ubongo zinazosaidia kupima na kujihukumu ndizo zilizolala. Kama dhamiri ina makao, basi usiku ule mwenye nyumba hakuwepo. Lady Macbeth anaweza kuwa na hatia, na anayo, tuliiona sehemu ya pili ya tamthilia. Lakini kutembea kwake si uthibitisho wa hatia. Na Shakespeare mwenyewe analijua hilo! Katika onyesho lilelile daktari anakiri kwamba amewahi kuwajua watu waliotembea usingizini na wakafa kwa amani, wacha Mungu, vitandani mwao. Sentensi hiyo tunairuka. Inaharibu stori.

Kuna nyingine tunayoiruka. Kabla ya kuondoka, daktari anamwagiza mhudumu amwondolee mgonjwa kila kitu anachoweza kujidhuru nacho, na asimwache bila kumtazama. Huo ndio ushauri bora kuliko yote aliyotoa, na ungefaa kwenye kliniki yoyote leo. Maonyesho machache baadaye tunasikia kilio cha wanawake, malkia amekufa, na mwishoni inatajwa kwamba inaaminika alijiua. Kati ya ushauri na kilio daktari anakutana na Macbeth, anaulizwa kuhusu mgonjwa, na anajibu kwamba katika jambo hili mgonjwa ajitibu mwenyewe. Ushauri mzuri ukapotea kwa sababu mwenye ushauri alishajitoa.

Bibi na kibanda cha shamba

Wanaoijua Kilombero wanajua kwamba msimu wa mpunga familia nyingi huhamia shamba. Unaacha nyumba kijijini, unakaa kwenye kibanda au dungu kule mbugani kwa wiki na miezi, unafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa na miaka tisa, na msimu ule alilala kibanda kimoja na bibi yetu.

Bibi ndiye aliyeona. Mtoto anaamka, anakaa, anatafunatafuna kama ana chakula mdomoni, anasugua mkono wa kulia kwenye goti, anatembea hatua chache, anarudi kulala. Ukimwita haitiki. Asubuhi hakumbuki. Bibi alimpeleka zahanati, akaeleza. Aliyekuwa zamu akamsikiliza kidogo, kisha akasema, kwa upole kabisa: "Bibi yangu, hili si la hospitali. Mkamwombee."

Wakamwombea. Haikuisha. Wakaenda kwa mganga, wakaambiwa mtoto anachukuliwa msukule, anapelekwa usiku kulima mashamba ya watu. Ushahidi ulikuwa kwamba anaamka amechoka na miguu ina matope. Kwenye shamba la mpunga, jamani, nani asiye na matope miguuni? Lakini neno lilishatoka. Watoto wenzake wakaanza kumkwepa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye alianguka mchana, karibu na moto wa kupikia. Mkono uliungua mpaka kwenye kiwiko. Safari hii alipelekwa hospitali, na daktari kijana, kabla ya kumgusa mtoto, alimgeukia bibi.

"Bibi, shikamoo. Hii ya usiku, inatokea mara ngapi kwa usiku mmoja?"

"Marahaba, mwanangu. Mara tatu. Siku nyingine nne."

"Inachukua muda gani?"

"Mfupi. Nikiwasha kibatari, ameshamaliza."

"Na anachofanya, kinabadilika?"

"Habadilishi. Kutafuna, goti, hatua, basi."

Kifupi, mara kadhaa kwa usiku, kilekile kila mara. Umeshamtambua: ni mshukiwa wetu wa tatu. Alianzishiwa dawa ya kifafa na sasa yuko sekondari. Kovu lipo. Bibi alikuwa na majibu yote tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na wa kumuuliza.

Hili si geni kwetu. Ukivuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli na kupanda Mahenge, utakuta historia yake. Mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko. Aliwakuta watu wanaokula kwa vyombo vyao peke yao kwa sababu wengine waliogopa kuambukizwa, na wengi wenye makovu ya moto. Alieleza pia watoto wanaosinzia kichwa, kichwa kikidondoka na kuinuka tena na tena, hali ambayo wakati ule vitabu havikuwa na jina lake. Leo inachunguzwa dunia nzima, na watafiti wameihusisha, pamoja na kifafa kilichokithiri kwenye maeneo hayo, na ugonjwa wa usubi. Ukisema "si la hospitali" kwa watu wale, unawafungia mlango kwa kizazi kizima. Yeye alisema ni la hospitali, akagawa vidonge vya bei nafuu, na wengi wakapata nafuu.

Amina wa Milano

Ili nisionekane nachukia fasihi, kuna kazi nyingine ya zamani kuhusu tatizo hilihili, na inafanya kinyume. Mwaka 1831 mjini Milano ilionyeshwa opera ya Vincenzo Bellini inayoitwa La sonnambula. Mhusika mkuu ni binti wa kijijini anayeitwa, amini usiamini, Amina. Usiku wa kuamkia ndoa anakutwa amelala chumbani kwa mwanamume mgeni. Kijiji kizima kinamhukumu, mchumba anamkataa. Mgeni mwenyewe, mtu aliyesoma, anajaribu kueleza kwamba kuna watu wanaotembea wakiwa wamelala, na hakuna anayemwamini. Mpaka Amina anapotokea tena, amelala, akipita mahali pa hatari penye kinu, na watu wote wanamwona kwa macho yao.

Kisanii, Shakespeare anamshinda Bellini mbali. Kitabibu, Bellini yuko mbele. Kwake anayetembea usingizini hana siri ya kufichua. Ni kijiji ndicho kilichokuwa na haraka ya kuhukumu, na ni mashahidi waliomwokoa. Kwa Shakespeare shahidi yupo pia, ni yule mhudumu asiyepewa hata jina. Anajua lini ilianza, inachukua muda gani, kuna mpangilio gani. Kwa maoni yangu ndiye mtaalamu wa kweli wa onyesho lile, na daktari alichohitaji ni kukaa naye saa moja zaidi.

Ukimwona mtu anatembea usingizini

Usimtikise wala kumpigia kelele. Si kweli kwamba ukimwamsha atakufa, lakini anaweza kushtuka, kuchanganyikiwa na kukupiga. Mshike polepole, mrudishe kitandani. Panga na jembe visikae karibu, moto uzimwe, mlango ufungwe, na kama mko shamba asilale juu ya dungu. Kama ana homa na anaweweseka, msingoje: apimwe malaria kwanza. Mtoto anayetembea mara mojamoja na mchana yuko sawa, mara nyingi ataacha mwenyewe akikua.

Hospitali mwende kama imeanza ukubwani, kama inatokea mara kadhaa usiku mmoja, kama ni fupi na ileile kila mara, kama anakakamaa, anajikojolea au anajing'ata ulimi, au kama mchana pia anapotea kidogo. Vilevile kama mtu huyo anaonekana kukata tamaa ya maisha. Hapo msimwache peke yake. Na mkienda, aende yule aliyekesha. Simu ya kawaida yenye kamera ni kipimo kizuri: mrekodi, daktari aone. Kuomba ombeni, hakuna anayekataza. Ila ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nilipofunga kitabu usiku ule ilikuwa karibu saa tisa, muda wa kukagua mtego. Ndani ya nyumba mtu alikohoa, mlango ukafunguka, mama mwenye nyumba akatoka na tochi. Alikuwa macho kabisa. Akaniuliza kama nina baridi, akaniletea khanga nijifunike. Nikamuuliza mbona hajalala.

"Nasikiliza watoto," akasema, akarudi ndani.